Nilipika Tu

Kila alipoulizwa kama alipigania uhuru, nyanya yangu alikuwa na jibu moja: "La. Mimi nilipika tu." Kisha angeendelea kuchambua maharagwe yake. Nasi tuliamini. Kwa akili zetu za utotoni, mpiganaji alikuwa mtu wa msituni mwenye nywele ndefu na bunduki. Mpishi alikuwa mpishi.

Tulipomwuliza alimpikia nani, alisema hajui, kwani hakuwatazama nyuso. Tukadhani ni usahaulifu wa uzee.

Imenichukua miaka mingi kulitilia shaka lile neno "tu". Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya mnamo Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau wakaingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambako hapakuwa na shamba wala duka. Chakula, dawa, risasi na habari za nyendo za askari vilitoka vijijini, na wengi wa waliovibeba walikuwa wanawake. Wakoloni walilifahamu jambo hilo vizuri kuliko sisi wajukuu. Kuanzia mwaka 1954 waliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, wakawarundika katika vijiji zaidi ya 800. Vijiji hivyo vilizungushiwa mahandaki yaliyojaa vijiti vilivyochongwa, na homugadi wakavilinda. Shabaha ilikuwa kuikata njia ya chakula. Maelfu ya wanawake walizuiliwa katika kambi ya Kamiti. Je, kuna serikali inayochimba mahandaki kwa kumwogopa mtu aliyepika tu?

Wako wanawake waliovuka mstari na kuingia msituni wenyewe. Muthoni wa Kirima wa Nyeri alianza kwa kuwapelekea wapiganaji chakula na habari, kisha akajiunga nao. Anakumbukwa kuwa mwanamke pekee wa Mau Mau aliyepata cheo cha Fildi Mashali. Alitoka msituni baada ya uhuru wa Desemba 1963, na nywele alizotoka nazo hakuzikata hadi Aprili 2022. Alifariki Septemba 2023. Jina lake tunalijua, na ni haki tulijue. Lakini naona tulimkubali upesi kwa sababu alifanana na picha tuliyokuwa nayo ya mpiganaji.

Heshima kwa Mau Mau wote ilichelewa. Marufuku iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950 iliondolewa mwaka 2003 tu, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ikasimamishwa jijini Nairobi, akiwa ameshika bunduki. Halafu wazee wachache wakaishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyotendewa, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Jane Muthoni Mara. Alikuwa ameteswa akiwa msichana kwa kutuhumiwa kuwapelekea Mau Mau chakula. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228. Kosa lililompeleka msichana yule kwenye mateso lilikuwa lile lile ambalo nyanya yangu aliliita si kitu.

Sehemu ya makubaliano hayo ilikuwa kujenga mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Uhuru Park, uliofunguliwa Septemba 2015. Nilikwenda kuutazama. Kuna sanamu mbili: mpiganaji wa msituni, na mwanamke anayempa chakula. Wamegeuziana nyuso. Mikono inakutana, macho hayakutani. Ilikuwa ndiyo desturi ya vita vile, ili atakayekamatwa na kuteswa asiweze kumtaja mwenzake hata akitaka.

Nilisimama pale nikakumbuka: hakuwatazama nyuso. Nyanya hakuwa amesahau. Alikuwa akitueleza jinsi alivyopigana, nasi wajukuu, tuliosomeshwa historia shuleni, hatukumwelewa.

Alikufa kabla mnara huo haujajengwa. Hana cheo, hana nishani, na jina lake halimo katika orodha yoyote niliyoiona. Siku hizi watoto wangu wanaponiuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyepigania uhuru, nawajibu kwamba yuko. Wakiuliza alifanya nini, nawaambia alipika. Lile neno "tu" nimeliacha.