Aligawa Bure Amplifaya ya Hedifoni, Kisha Akapotea Mazima

Kuna watu wanatafutwa na polisi, kuna wanaotafutwa na waliowakopesha, halafu kuna huyu jamaa anayetafutwa na wapenda muziki kwa sababu aliwaokolea mkwanja wao. Jina lake halisi halijulikani. Sura yake haijulikani. Mtandaoni alijiita NwAvGuy, na mwaka 2011 alifungua blogu iliyowakosesha raha wauzaji wa amplifaya za hedifoni.

Kidude chenyewe kwanza. Amplifaya ya kubebeka ni kiboksi kinachokaa kati ya simu na hedifoni, kazi yake ni kuipa sauti nguvu ambayo simu haina. Earphone za kawaida wala hazikihitaji. Ila zipo hedifoni za watu wa studio kama Beyerdynamic DT 880 za omu 600. Hizo ukizichomeka kwenye simu moja kwa moja, msanii anasikika kama anaimba chini ya blanketi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafundi wa nyumbani kule Marekani walikuwa wanajitengenezea. Mchoro uliotamba uliitwa CMoy: chipu moja, betri ya volti 9, vipuri vichache, na vyote vinaingia kwenye kopo la bati la pipi za mnanaa. Baadaye biashara ikanoga, bei zikapanda, na maneno nayo yakawa mengi. Hii ina sauti ya joto, ile ina roho. Ukiuliza vipimo viko wapi, unaambiwa masikio yako hayajakomaa.

Huyu jamaa akaja na mashine ya kupimia, dScope ya Prism Sound, chombo cha maabara cha maelfu ya dola. Anachukua amplifaya inayosifiwa, anaipima, anaandika alichokikuta, grafu juu ya grafu. Moja iliyokuwa kipenzi cha wengi aliikuta ikitupa mshtuko wa umeme kwenye hedifoni kila inapowashwa na kuzimwa, kiasi cha kuweza kuziharibu. Basi vita ikaanza. Jukwaa kubwa la wapenda hedifoni likampiga marufuku. Ukweli usemwe, na mdomo wake ulikuwa mkali, hakuwa mtu wa kubembeleza.

Somo alilolirudia sana ni dogo tu na mpaka leo linafaa kabla hujatoa hela. Kila tundu la hedifoni lina ukinzani wake wa ndani, na huo usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Amplifaya yenye omu 2 inatosha kwa hedifoni za omu 16 kwenda juu. Yenye omu 10 inataka hedifoni za omu 80 na zaidi. Ukivunja hiyo sheria si kwamba kitu kitalipuka, hapana, ila besi inaweza kuvimba au sauti za juu zikafifia, kwa sababu ukinzani wa hedifoni nyingi unabadilika kadiri sauti inavyopanda na kushuka. Halafu unalaumu wimbo bure.

Mwaka huohuo wa 2011 akafanya kile ambacho wapinzani wake hawakukitegemea. Akachora amplifaya yake, akaiita O2, na akaumwaga mchoro wote mtandaoni bure, kuanzia saketi mpaka orodha ya vipuri. Mtu yeyote aliruhusiwa kuitengeneza na hata kuiuza, mradi asibadilishe mchoro na amtaje mwenyewe. Vipuri vya kwenye ubao vilikuwa kama dola 30. Ilijengwa iendeshe karibu kila hedifoni, kuanzia earphone za omu 16 mpaka zile za omu 600, na ukinzani wa tundu lake ulikuwa chini ya omu 1.

Uzuri wa sura haikuwa nao. Matundu yote yamerundikwa mbele, ndani kuna betri mbili za volti 9, zilezile za maiki za ma-MC wa harusi, na mfukoni inavimba. Ina swichi ya kukuza sauti mara 2.5 au mara 6.5, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanadhani kubwa ndiyo bora. Ukiipa O2 sauti ya volti 2 kisha ukaikuza mara 6.5, unadai volti 13 ambazo haina. Sauti inaanza kukwaruza. Ya chini inatosha kwa watu wengi.

Jamaa aliishindanisha na mashine ya Benchmark ya zaidi ya dola 1,500. Kwa maelezo yake, wasikilizaji walipofichwa kipi ni kipi, hawakuweza kutofautisha. Fikiria umelipa hizo hela, halafu unasoma hivyo usiku wa manane.

Kampuni ndogo za Marekani na Uingereza zikaanza kuiuza ikiwa tayari. Mwaka 2012 ikafuata ODAC, kifaa cha kutoa muziki kwenye kompyuta kwa USB, alichoshirikiana na mhandisi mwingine kukitengeneza. Ilikuwa ije kubwa ya mezani, ODA. Haikuja. Katikati ya 2012 akanyamaza. Hakuna andiko jipya, barua pepe hazijibiwi, hata na waliokuwa wanafanya naye kazi. Wengine wakasema amefariki, wengine eti kampuni imemnunua akae kimya. Yote ni maneno ya vijiweni tu, hakuna aliyeleta ushahidi.

Siku hizi mambo yamehama. Tangu Apple walipoziba tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kile kiwaya chao cha kuungia, cha dola 9, kimewashangaza wapimaji kwa usafi wa sauti. Kwa earphone za kawaida kinamaliza kazi. Zile za omu 600 bado zinataka kiboksi.

Na O2 bado watu wanaiunga kwa mikono yao, kwa mchoro uleule wa mtu ambaye hakuna anayemjua.

Wewe unahisi jamaa yuko wapi? Dondosha maoni yako hapo chini.