Mzigo Wenye Jina la Sewahaji: Tarehe ya Hospitali ya Watu wa Dar es Salaam

Bagamoyo ya zama za misafara ilikuwa mji wa mizigo. Merikani, kaniki, shanga, nyaya na baruti vilifungwa mafurushi, kila furushi kadiri ya frasila mbili, likatiwa alama ya mwenyewe, kisha likapanda begani mwa mpagazi mpaka Tabora, mpaka Ujiji. Kurudi, mabega yaleyale yalibeba pembe za ndovu. Katika kazi hiyo ya kufunga mizigo na kukusanya wapagazi, mfanyabiashara mmoja aliwapita wengi kwa jina: Sewa Haji Paroo, Mwismaili aliyezaliwa Unguja mwaka 1851, ukoo wake ukitokea Kutch huko India. Wazungu waliotaka kuingia bara walipitia dukani kwake, mpelelezi Stanley akiwa mmoja wao.

Mali ile ilitoka kwenye pembe na kwenye mabega ya watu, na mwandishi wa tarehe hana ruhusa ya kulificha hilo. Ana wajibu pia wa kusema mali ilikwenda wapi. Mwaka 1892 Sewa Haji aliwapa Wajerumani nyumba ya ghorofa pale Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa kila rangi. Akatoa na fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, mji ambao Wajerumani walikuwa wameufanya makao yao makuu mwaka mmoja nyuma. Alifariki Unguja mwaka 1897, hajafikisha miaka 50. Mwaka huohuo wa 1897 ndio ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili inauhesabu kuwa mwanzo wake, kwa sababu mama yake Muhimbili ni ile Hospitali ya Sewa Haji.

Mji ule ulikuwa na milango miwili ya tiba. Ufukweni, penye upepo wa bahari, Wajerumani walijijengea hospitali nyeupe yenye baraza pana, nayo ilimalizika mwaka uleule wa 1897. Hiyo ndiyo Ocean Road ya leo, ambako Watanzania wanatibiwa saratani. Zamani ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi mlango wao ulikuwa Sewa Haji. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916 walibadilisha bendera na lugha ya ofisini, ila milango waliiacha ilivyokuwa. Mchukuzi wa bandarini aliyevunjika mguu na mama wa Kariakoo aliyeshikwa na uchungu wa uzazi walijua pa kwenda, na walijua pia wasipoweza kukanyaga.

Hospitali ya namna hiyo haiendeshwi na daktari peke yake, maana daktari alikuwa mmoja mmoja na aghalabu hakujua lugha ya mgonjwa. Iliendeshwa na dresa, yule aliyesafisha kidonda, akafunga bandeji, akatafsiri maumivu ya mtu yakaeleweka. Iliendeshwa na mkunga, na mfagizi, na mchukua machela. Watu hao hawakuandikwa vitabuni, na majina yao yamekwenda nao. Lakini heshima ambayo watu wa pwani wanampa mtu yeyote aliyevaa koti jeupe, hata kumwita daktari naye ni mganga msaidizi, ilipandwa na wale madresa.

Mwaka 1956 hospitali mpya, iliyorithi wagonjwa wa Sewa Haji, ilifunguliwa Upanga ikapewa jina la Princess Margaret, mdogo wake malkia wa Uingereza wa wakati huo, aliyefika Dar es Salaam mwaka huo. Jina hilo halikukaa. Uhuru ulipokuja, hospitali ikaitwa kwa jina la mahali pake: Muhimbili. Nchi ilikuwa imepata uhuru ikiwa na madaktari 12 tu wa Kiafrika; Mwalimu Nyerere hakuchoka kuitaja hesabu hiyo. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kikaanzishwa hapohapo, ili daktari wa Mtanzania afundishwe kando ya kitanda cha Mtanzania. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu, na leo ni chuo kikuu kamili cha afya, MUHAS.

Majengo ya wodi nayo yakapewa majina. Kibasila ni jina ambalo Wazaramo wanalikumbuka tangu vita vya Majimaji. Mwaisela ni jengo lililozoeleka kwa wanaouguza wagonjwa wa ndani. Na jengo moja la wagonjwa wa upasuaji likaitwa Sewahaji, neno moja, jinsi watu walivyokwisha kulitamka miaka mingi. Hivyo jina la mfadhili lilihama pamoja na wagonjwa wake. Jina la binti wa kifalme limebaki kwenye karatasi za kale.

Baada ya Azimio la Arusha hospitali ya serikali ikawa ahadi: matibabu bure kwa kila mwananchi. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali za kibinafsi za kutafuta faida, tajiri na maskini wakakutana kwenye benchi moja la mapokezi. Ahadi hiyo ilikuwa kweli, na wazee wa nchi hii wanaikumbuka kwa upendo. Lakini mji nao ulikuwa unafurika. Sensa ya 1967 iliwakuta Dar es Salaam watu wasiofika 300,000. Ile ya 2012 iliwakuta 4,364,541. Ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Vitanda havikuongezeka kwa mwendo huo. Vita vya Kagera vikaisha, fedha za kigeni zikaadimika, na miaka ya 1980 mgonjwa alilazwa kwa kuja na shuka lake, glovu zake na bomba lake la sindano. Wagonjwa wawili wakalala kitanda kimoja mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, na wa tatu akatandikiwa godoro sakafuni kati ya kitanda na kitanda.

Ndipo Ukimwi ukaingia. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kabla ya muongo kwisha wodi za Dar es Salaam zilijaa vijana waliokonda. Dawa ya kuwapa haikuwepo. Kazi ya nesi wa miaka ile ilikuwa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kumlowesha midomo, na kumwambia mama yake ukweli ambao mama hakutaka kuusikia. Anayetaka kujua utumishi ni nini amtafute nesi mstaafu aliyefanya zamu za usiku katika miaka hiyo, amsikilize, asimkatize.

Mwaka 1993 serikali ikaleta uchangiaji: mgonjwa alipie sehemu ya gharama. Dirisha la malipo likawa kituo cha kwanza kabla ya dirisha la dawa. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza wakawekewa msamaha, na ofisi ya ustawi wa jamii ikawa mlango wa mwisho wa mtu asiye na kitu. Bima ya Afya ikaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Aliyebaki nje ya bima alibaki na kile ambacho Mswahili alikuwa nacho siku zote: ndugu, jirani, na bakuli la mchango linalopitishwa msikitini, kanisani, kwenye kikoba na kazini.

Hapa napenda nisimame kidogo, kwa sababu hiki ndicho ninachokijua kwa macho yangu. Hospitali ya serikali huku kwetu ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya serikali: jengo, daktari, nesi, dawa ikiwepo. Nusu ya pili inaingia getini kila siku saa za kuona wagonjwa. Wanakuja na hotpoti, chupa ya chai, beseni, kanga safi, ndoo ndogo. Ndani ya hotpoti kuna uji wa ulezi, au mtori, au supu ya kuku wa kienyeji, kwa sababu mgonjwa aliyetoka upasuaji hawezi kutafuna. Zamu ya kupika imegawanywa nyumbani tangu usiku: leo shangazi, kesho mke wa mdogo wake, keshokutwa jirani wa mlango wa pili ambaye hana udugu wowote ila udugu wa kuchota maji bomba moja. Asiye na mtu mjini hulishwa na ndugu wa kitanda cha pili. Nimemwona mama akimaliza kumlisha mwanawe, akavuta kigoda upande wa pili, akamlisha kijana wa bodaboda aliyevunjika mikono yote miwili, ambaye yeye hakumjua hata jina. Alimwita "mwanangu", na kijana akafungua mdomo.

Damu nayo ina tarehe yake. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji upasuaji aliambiwa alete ndugu wa kuchangia, na simu zikapigwa ukoo mzima. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, ukawafundisha watu kumtolea damu mtu wasiyemfahamu. Siku ya taabu, mji huu umeonyesha kwamba unajua kumtumikia mtu usiyemfahamu, kabla ya kufundishwa na hata baadaye. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, watu 11 wakafa hapa Dar es Salaam na majeruhi wakakimbizwa Muhimbili. Mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala mwezi Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, hospitali za Temeke, Amana na Muhimbili zikapokea watu usiku na mchana, na waliokuwa wamemaliza zamu hawakwenda nyumbani.

Watumishi nao ni watu. Mwaka 2012 madaktari waligoma, wakidai mishahara na pia vifaa vya kutibia, na mgomo ule uliumiza pande zote. Wagonjwa walirudishwa makwao wakiwa hoi, na madaktari vijana walifukuzwa kwenye mafunzo ya vitendo. Nauandika hapa bila kumhukumu mtu, ila neno moja lazima nilitamke: daktari anayedai glovu anamdaia mgonjwa.

Mwezi Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Muhimbili bila taarifa. Akakuta wagonjwa sakafuni na mashine za vipimo mbovu. Bodi ikavunjwa, na sehemu kubwa ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya kuzinduliwa kwa Bunge ikaelekezwa kununua vitanda vya hospitali hiyo. Mwaka huohuo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama peke yake ndani ya uwanja wa Muhimbili, jirani na taasisi ya mifupa, MOI, iliyoundwa mwaka 1996. Mwezi Novemba 2017 figo ya kwanza ikapandikizwa Muhimbili, kazi iliyokuwa ikimlazimu Mtanzania kusafiri mpaka India. Sewa Haji alikuwa mtoto wa ukoo uliovuka bahari kutoka India. Sasa wajukuu wa wapagazi wake wanatibiwa kwao, bila kuivuka bahari hiyo.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Amana, Temeke na Mwananyamala zilipandishwa hadhi kuwa hospitali za rufaa za mkoa ili Muhimbili ipumue, na bado asubuhi mabenchi yake yanajaa kabla jua halijapanda. Bado kuna mama anayeuza kipande cha shamba ili alipie kipimo. Bado kuna nesi mmoja wa usiku kwa wodi nzima. Nusu ya serikali ikilegea, nusu ya getini hubeba mzigo wote, nayo huchoka. Ukarimu wa watu usifanywe sababu ya hazina kulala. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema mwenye hazina asamehewe kutoa.

Simama getini Upanga saa za mchana uone. Foleni ya wanawake imefika ukutani. Wa mbele ni bibi wa miaka kama 70, kanga kiunoni, kanga kichwani, hotpoti ameishika kwa mikono miwili. Juu ya kifuniko amebandika kipande cha plasta, na juu ya plasta mjukuu wake wa shule ameandika kwa kalamu jina la mgonjwa na wodi yake, chombo kisipotee.

"Shikamoo, bibi," mlinzi anasema. "Wodi gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sewahaji."

"Pita."

Bibi anapita na hotpoti yake. Bagamoyo furushi halikuondoka bila alama ya mwenyewe, na zaidi ya miaka 120 tangu Sewa Haji alipokufa, mzigo wenye jina lake bado unabebwa kwa mikono ya watu kila mchana. Safari ya huu ni fupi: unapanda ngazi, unaingia wodini, unafunguliwa kitandani kwa mtu mwenye njaa.