Kuchagua kabine na kupanga safari ya meli kwenye Ziwa Kivu

Wakati wa vakansi ya watoto, na tena karibu na Noeli na Bonane, bandari za Goma na Bukavu zinajaa watu. Kuna mama anayepeleka watoto kwa nyanya yao, kuna familia inayoenda kwenye ndoa ya ndugu, kuna wachuuzi na mizigo yao. Wengi wanafika na swali moja tu: tikiti ni falanga ngapi? Ni swali la haki, kwani feza ni kidogo kwa kila mtu. Lakini kuna maswali matatu ambayo yanafaa kuulizwa kwanza: mtu atalala wapi ndani ya meli, atatoka namna gani kama kuna shida usiku, na jina lake litaandikwa wapi.

Vyombo vya ziwani na tofauti yao

Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilometa 90 toka kaskazini mpaka kusini. Pahali penye kina kirefu, maji yanafika karibu mita 480 kwenda chini. Liko juu sana, kwenye mita 1460 hivi kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana usiku upepo wake ni wa baridi hata kama mchana jua liliwaka.

Kati ya Goma na Bukavu msafiri anakuta aina mbili kubwa za vyombo. Kano rapidi inakwenda mchana na inafika kwa saa chache tu. Mle mtu anapata kiti, hapana kitanda. Meli kubwa ni ya polepole, inabeba watu pamoja na mizigo, na safari yake inaweza kuchukua usiku mzima. Ni kwenye meli kubwa ndipo habari ya kabine inaingia.

Aina ya tatu ni boti za mbao zenye motere, zinazofanya kazi ya masoko ya Idjwi, Minova na Kalehe. Hizo hazina kabine, lakini mambo ya jile na ya orodha ya majina yanazihusu sawasawa na meli, na pengine zaidi.

Anayesafiri na watoto wadogo au na mgonjwa afikiri vizuri kabla ya kuchagua. Kano rapidi inapunguza masaa ya kuchoka, lakini inarukaruka zaidi wimbi likiwa kubwa. Meli kubwa inatulia zaidi na inaacha nafasi ya kulala, ila usiku ni mrefu na giza linaongeza hatari.

Madaraja ya nafasi

Majina ya madaraja yanabadilika kutoka meli moja mpaka nyingine, lakini mpango unafanana. Chini kabisa kwa bei kuna nafasi ya watu wote: mabenchi, au sakafu karibu na mizigo. Juu yake kuna viti vya saluni, mara nyingi na televizyo. Kisha kuna kabine, ambayo ni chumba kidogo chenye vitanda viwili au vinne, kimoja juu ya kingine.

Kabla ya kulipa, mtu aulize wazi: je, bei ni ya kitanda kimoja ao ya chumba kizima? Wengi wamelipa wakifikiri chumba ni chao peke yao, kisha usiku wanakuta mgeni anaingia na valizi yake. Mama anayesafiri na watoto wake aombe mapema kitanda cha chini, na aulize kama watakaolala naye ni wanawake.

Namna ya kuchagua kabine nzuri

Wengi wanadhani kabine nzuri ni ile ya bei kali. Si hivyo kila mara. Kuna mambo matano ya kuangalia.

La kwanza ni njia ya kutoka. Hesabu milango na ngazi toka kabine mpaka nje. Kabine iliyo hatua chache toka mlango wa nje ina faida kubwa kuliko kabine pana iliyo mwisho wa kolidori refu, chini, yenye ngazi moja tu ambayo usiku inajaa watu waliolala na magunia.

La pili ni mtikisiko. Meli inacheza kama ubao wa watoto wa kubembea: katikati inatikisika kidogo, kwenye ncha inapanda na kushuka sana. Tena, kadiri mtu anavyokaa juu, ndivyo anavyoyumba. Basi mwenye kutapika kirahisi atafute nafasi ya katikati, isiyo ya juu sana.

La tatu ni masini. Kabine iliyo karibu na motere ina kelele, joto na harufu ya mazutu usiku wote. Kama hakuna nyingine, mtu alale kichwa kikiwa upande wa mbali na ukuta wa masini.

La nne ni hewa. Dirisha lifunguke. Dirisha lililopigwa misumari ao kufungwa na chuma ni alama mbaya, juu ya hewa na juu ya kutoka vilevile.

La tano ni mlango wenyewe. Ufunge na kufungua mara mbili, tatu, kabla ya kuondoka. Ukikwama bandarini meli ikiwa imesimama, utakwama zaidi meli ikiinama. Omba kabine nyingine. Hata meli kubwa za utalii za baharini, zenye kabine mamia, zina kanuni hizo hizo za katikati, juu na masini. Maji hayaangalii bei ya tikiti.

Jina kwenye orodha

Kuandikwa jina wengi wanaona ni kupoteza wakati. Historia ya maziwa yetu inaonyesha kinyume.

Tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilizama kwenye Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, ikikaribia Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 430. Orodha ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wale wa daraja la tatu, wenye tikiti ya bei ndogo, hawakuwa na orodha. Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo hesabu kamili haijulikani. Wenye kabine walikuwa na majina, maskini hawakuwa nayo.

Kwetu pia, tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Wakati huo vita vilikuwa vimefunga barabara, watu wengi hawakuwa na njia nyingine isipokuwa maji. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Siku zilizofuata, hesabu ya waliokuwemo na ya waliokufa ilibishaniwa, na familia zilizunguka hospitali zikitafuta watu wao.

Kwa hiyo, yeyote atakayelipa, awe wa kabine ao wa sakafu, ahakikishe jina lake limeandikwa, na la kila mtoto, hata anayebebwa mgongoni. Mtoto asiyelipiwa naye ni mtu ndani ya meli. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye karte ya elekteri. Tena, piga foto ya tikiti na kuituma kwa ndugu anayebaki nyumbani, pamoja na jina la meli na saa ya kuondoka.

Kupanga mbele

Wiki mbili ao tatu kabla: wakati wa sikukuu kabine zinaisha mapema. Nunua kwenye ofisi ya meli yenyewe, hapana kwa mtu anayezunguka bandarini akisema iko na nafasi. Uliza tikiti ya kurudi siku hiyo hiyo, na uliza wazi: safari ikifutwa, feza zinarudishwa ao tarehe inabadilishwa? Jibu liandikwe kwenye karatasi kama inawezekana.

Wiki moja kabla: fuata habari za usalama na za hali ya hewa. Katika miezi ya kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini unapiga kwa nguvu na kuinua mawimbi. Katika miezi ya mvua, dhoruba inaweza kuanguka ghafula. Mwanzoni mwa 2025, mapigano yalipofika Goma kisha Bukavu, safari za ziwani zilisimamishwa kwa muda kabla ya kuanza tena. Ndiyo maana msafiri mwenye akili anaweka akiba ya siku moja ao mbili, na feza kidogo ya kulala na kula kama meli haiondoki. Mwenye ndoa siku ya posho asisafiri usiku wa kuamkia siku hiyo.

Siku moja kabla: tayarisha vitambulisho vya kila mmoja. Kwa watoto, beba cheti cha kuzaliwa. Kama mtoto anasafiri bila wazazi, beba barua yenye sini ya mzazi na namba yake ya simu. Gawanya feza pahali mbili ao tatu. Angalia noti za dola, kwa sababu iliyopasuka kidogo tu inakataliwa.

Ndani ya sakoshi ndogo inayobaki kando ya kitanda, weka koti ao kikwembe cha kujifunika, maji ya kunywa, mkate, dawa za kila siku, toshi, na simu ndani ya sashe isiyoingiza maji. Mizigo mikubwa ikae ilikopangwa. Ikiwa kwenye kolidori, itakuwa ukuta siku ambayo watu watataka kukimbia.

Jile na njia ya kutoka

Mwezi wa Aprili 2019, baada ya boti nyingine kuzama kwenye Ziwa Kivu na watu wengi kupotea, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba kila msafiri wa majini lazima avae jile. Agizo liko, lakini jile zisizotosha, zilizooza ao zilizofungwa ndani ya sanduku bado zinaonekana.

Msafiri akiingia kwenye kabine, kazi ya kwanza ni kutafuta jile, kabla ya kutandika kitanda. Ziwe kwa hesabu ya watu. Jile ya mtu mzima inamponyoka mtoto kupitia kichwa, basi omba ya kipimo chake. Vuta mikanda, angalia vifungio. Kama kabine haina, dai kabla meli haijafungua kamba. Ikiwa hatari imetokea usiku, vaa jile na kutoka nje upesi. Usibaki chumbani ukingoja kuitwa, na usirudi juu ya valizi.

Kisha tembea toka kitandani mpaka nje, mara mbili, ya pili ukiwa umegusa ukuta kwa mkono kama vile taa zimezimika. Watoto wafanye pia. Wataona ni mchezo, lakini miguu yao itakumbuka.

Jambo hilo si la maziwa ya Afrika peke yake. Tarehe 13 Januari 2012, meli ya utalii Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda jioni ile ile walikuwa hawajafanya zoezi la kutoka. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, sasa zoezi linafanywa kabla ya kuondoka ao papo hapo meli ikiondoka. Kama meli yetu haifanyi zoezi, familia inaweza kujifanyia yenyewe kwa dakika tano.

Kwa wanaosafiri Ziwa Tanganyika

Wakaaji wa Uvira, Kalemie na Moba wana ziwa refu zaidi, linalopita kilometa 670. Kule safari inaweza kuchukua zaidi ya usiku mmoja, na kabine inakuwa na maana zaidi. Meli inayojulikana kuliko zote ni Liemba ya upande wa Tanzania. Wajerumani waliitengeneza Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikainuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Pahali pengi kwenye njia yake, abiria walipanda toka kwenye boti ndogo katikati ya maji, hata usiku. Anayeshuka namna hiyo asichukue mizigo mingi, na awe na mkono mmoja mtupu wa kushika.

Wakati wa kukataa safari

Kuna siku ambapo mpango mzuri ni kurudi nyumbani. Meli imeinama upande mmoja ingali bandarini. Watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Mizigo mizito imepandishwa juu. Jile hazitoshi na hakuna anayejibu. Hapo tikiti iliyolipwa isimfunge mtu miguu.

Tena, safari haijaisha mpaka meli ifungwe kamba. Boti ikikaribia, watu wote wanasimama na kukimbilia upande wa bandari, na uzito unahamia upande mmoja. Waliokuwa kwenye Merdi walikuwa wameshaona Kituku. Mtu akae pahali pake, jile ikiwa imefungwa, ashike mtoto mkono, aache wenye haraka watangulie.