Kumrudisha, Kumwondoa, Kumtengua

Mpiga kura wa Dodoma au wa Kilifi akikwambia "mbunge wetu safari hii tunamrudisha", umemwelewa mara moja: atampigia kura tena. Mbunge ametoka bungeni, na bungeni anarudi. Hapo ndipo mfasiri wa historia ya Marekani anapoweza kunaswa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wanamageuzi wa huko walipigania haki waliyoiita recall, neno ambalo kwa maana yake ya kila siku ni kumwita mtu arudi alikotoka. Andika "haki ya wananchi kumrudisha kiongozi", na msomaji wako atapata kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Mimi mwenyewe nililiandika hivyo katika rasimu, nikalifuta, kisha nikakaa muda mrefu nikitafuta neno la kuweka mahali pake.

Tuanze na chenyewe. Mji wa Los Angeles uliiingiza haki hii katika katiba ya mji mwaka 1903, ukiwa wa kwanza nchini Marekani, na aliyeihangaikia kuliko wote alikuwa daktari wa tiba, John Randolph Haynes. Wananchi wasioridhika na kiongozi waliyemchagua wanakusanya saini. Zikitimia idadi iliyowekwa, uchaguzi unaitishwa kabla muda wake haujaisha, na kura ndiyo inayoamua abaki au aende. Si lazima awe ametenda kosa la jinai, wala mahakama haiulizwi kitu. Septemba 1904 diwani J. P. Davenport alipoteza kiti kwa njia hiyo, baada ya baraza kutoa zabuni ya uchapaji wa mji kwa gazeti ambalo bei yake ilikuwa ya juu kuliko ya washindani.

Oregon iliifanya kuwa sheria ya jimbo zima mwaka 1908. California ikafuata. Huko kampuni ya reli ya Southern Pacific ilikuwa imejikita katika siasa kwa miaka mingi kiasi kwamba Hiram Johnson alishinda ugavana mwaka 1910 kwa ahadi ya kuing'oa humo. Tarehe 10 Oktoba 1911 wananchi wa jimbo hilo waliipitisha haki hii kwa kura, siku ileile waliyowapa wanawake haki ya kupiga kura. Kwa viongozi wa jimbo zima, saini zilizotakiwa zilikuwa asilimia 12 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliotangulia wa nafasi hiyohiyo.

Sasa neno. Wengi huandika "kumwondoa madarakani", na hakuna atakayeshindwa kuelewa. Ila hilo limekwisha kuchukuliwa: bunge linapomshtaki rais na kumfukuza, tunasema ameondolewa madarakani, na hata mapinduzi ya kijeshi huwaondoa watu madarakani. "Kura ya kutokuwa na imani" nayo ni ya wabunge dhidi ya serikali au ya madiwani dhidi ya meya. "Kumwita nyumbani" ni zuri masikioni, kwa kuwa ndivyo balozi anavyoitwa na nchi iliyomtuma, na lina ule ukumbusho kwamba mjumbe ana aliyemtuma. Lakini diwani wa Los Angeles hakuwa amekwenda popote. Alikuwa akilala mtaa uleule wanaolala waliomchagua.

Neno ninaloliona linafaa liko tayari katika taarifa za habari za Tanzania: kutengua. Rais akimwondoa mkuu wa wilaya, tunasikia kwamba ametengua uteuzi wake. Mwenye kufunga fundo ndiye anayelifungua. Anayetengua hatakiwi kuthibitisha jinai mbele ya hakimu. Aliyempa mtu dhamana anaichukua dhamana yake. Walichotaka akina Haynes na Johnson ni kwamba mamlaka hayohayo yawe mikononi mwa mpiga kura, kwa sababu yeye ndiye aliyeteua.

Jambo hili lilimkera sana Rais William Howard Taft, ambaye kabla ya kuingia siasa za juu alikuwa jaji. Arizona ilipoomba kuwa jimbo kamili, katiba yake iliruhusu wananchi kuwatengua hata majaji. Agosti 1911 Taft alitumia kura ya turufu kulizuia azimio la kuipokea, akiamini kwamba jaji anayeogopa kura hawezi kuhukumu kwa haki. Arizona ikakifuta kifungu hicho, ikapokelewa tarehe 14 Februari 1912, na Novemba mwaka uleule wananchi wake wakakirudisha.

Hoja ya Taft ina uzito, nami nisingependa kusimama mbele ya jaji anayehesabu kura. Lakini wakati huo wafanyakazi nao walikuwa na sababu ya uchungu. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliibatilisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ikisema inakiuka katiba. Kesho yake moto ukazuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York, na watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, wakafa.

Februari 1912, mjini Columbus, Ohio, rais wa zamani Theodore Roosevelt akaja na pendekezo la namna nyingine: mahakama ya jimbo ikiibatilisha sheria kwa kisingizio cha katiba, wananchi wapige kura kama hukumu hiyo isimame au la. Neno lililotumika kwa Kiingereza ni lilelile. Jaribu kuliweka hapo "kumwita nyumbani", au "kumwondoa madarakani", uone yanavyogoma. "Kutengua" linakubali bila shida, maana wanasheria wetu wamezoea kusema hukumu imetenguliwa.

Tofauti hii kati ya kutengua na kushtaki si ya Marekani peke yake. Ibara ya 104 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wapiga kura haki hii dhidi ya mbunge wao, lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikadai kwanza Mahakama Kuu ithibitishe sababu. Hapo haki ya aliyemteua mbunge ilikuwa imegeuzwa kuwa mashtaka, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo.

Kuna pingamizi moja ninalolijua: mahakama pia hutengua matokeo ya uchaguzi, na msomaji anaweza kuchanganya. Sarufi yetu inalitatua kwa silabi moja. Mahakama huyatengua matokeo. Wananchi wa Arizona walitaka kumtengua jaji. Roosevelt alitaka waweze kuitengua hukumu.