Nyaraka za Kijerumani (Tanzania)

Nyaraka za Kijerumani ni mkusanyo wa majalada ya serikali ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Unatunzwa Dar es Salaam na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mwaka 1997 UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Sehemu kubwa iliandikwa kwa mkono kwa mwandiko wa Kurrent, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Kwa hiyo karatasi inaweza kuwa nzima na bado isimfae msomaji.

Karatasi za wakati ule, zilizotengenezwa kwa rojo ya mbao, zina asidi: hugeuka manjano na kukatika zikikunjwa. Unyevu wa pwani huleta ukungu, na wadudu humaliza kazi. Katika hifadhi nyingi duniani, ukurasa uliochanika huzibwa kwa washi, karatasi nyembamba ya Kijapani ya nyuzi ndefu za magome, kwa gundi ya wanga inayoweza kubanduliwa kwa maji. Selotepu haifai kabisa, maana huacha madoa yasiyotoka.

Majalada ya utawala wa Waingereza yamo katika hifadhi hiyohiyo. Anayetafuta habari za Babati za wakati huo, kwa mfano za mashamba, aanze na Wilaya ya Mbulu, Jimbo la Kaskazini. Wilaya ya Babati ilianzishwa mwaka 1985 na Mkoa wa Manyara mwaka 2002. Majina hayo hayatampeleka kwenye majalada ya kikoloni.