Khabab, Matiti na Telki: Mwendo wa Farasi katika Vitabu vya Fiqhi



Katika darsa moja baada ya Alasiri, hapa Nyalikungu, tulikuwa tukisoma mlango wa Hija katika Bulugh al-Maram. Tukafika kwenye hadithi ya Ibn Umar (RA) inayoeleza kuwa Mtume (SAW), alipotufu Al-Kaaba tawafu ya mwanzo, alikwenda khabab mizunguko mitatu na akatembea minne. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma akafasiri kuwa alikimbia mitatu. Mzee mmoja aliyekwisha kuhiji akatikisa kichwa, akasema kule waliambiwa wasikimbie. Kijana akauliza: basi khabab ni nini? Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba asili yake ni mwendo wa farasi. "Ustadhi, farasi anakwendaje?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona farasi kwa macho yake, nami ni miongoni mwao.

Hilo si ajabu kwa watu wa Maswa. Aliyemzuia farasi asifike huku ni mdudu. Mbung'o hubeba vijidudu vya nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika navyo upesi. Mwaka 1922 malale ilizuka Maswa, na mtaalamu aliyeichunguza katika Usukuma, Charles Swynnerton, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye mbung'o wa mapori haya, Glossina swynnertoni. Baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o uliokuwa na makao yake Shinyanga. Kuna pia ugonjwa mwingine wa farasi, unaoenezwa na visubi, ambao punda huustahimili zaidi. Mwaka 1871 Stanley alivuka kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa Kingaru, kabla hata hajaiacha pwani kwa mbali. Waarabu na Waswahili wa misafara walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo, ndiyo maana walikwenda kwa miguu na kwa punda.

Visiwani hali ilikuwa nyingine. Farasi waliletwa kwa majahazi kutoka Omani, na Sayyida Salme binti Said ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda farasi. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan alipoipeleka merikebu yake Sultana hadi New York, chini ya Ahmad bin Naaman, miongoni mwa zawadi za rais wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Na kwa kuwa watu wa pwani walipanda farasi na punda wa Maskati, Kiswahili chao kilihifadhi maneno ambayo sisi wa bara tumeyaacha: kwenda matiti, kwenda telki, kwenda shoti. Laiti kijana wetu angeyajua, asingefasiri khabab kuwa ni kukimbia.

Tuanze na mwendo wenyewe. Farasi anapotembea kawaida, kila mguu hugusa ardhi kwa wakati wake, kwa hiyo sikio husikia mapigo manne yaliyoachana sawasawa. Kichwa hupanda na kushuka, mgongo huyumba taratibu, na mwendo ni kama kilomita 6 kwa saa, karibu na mtu anayetembea kwa haraka. Akiongeza mwendo huingia matiti. Hapo miguu hukutana kwa mshazari: wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili. Mapigo ni mawili tu. Kichwa hutulia karibu kabisa, lakini mgongo huruka juu mara mbili katika kila hatua kamili, na aliyepanda bila mazoezi hutikiswa mpaka meno yagongane. Baada ya matiti kuna mwendo wa mapigo matatu, ambao humpandisha na kumshusha mpandaji kama mashua juu ya mawimbi. Mwisho ni shoti, ambapo mapigo hurudi kuwa manne, ila kwa haraka kiasi kwamba katika kila hatua kuna muda ambao miguu yote minne iko hewani. Jicho la mwanadamu haliwezi kuukamata muda huo. Wachoraji waliukosea kwa karne nyingi, wakimchora farasi amenyoosha miguu mbele na nyuma, mpaka Muybridge alipopiga picha za mfululizo huko California mwaka 1878, ikaonekana kuwa farasi huwa hewani pale miguu inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo.

Shoti ina jambo jingine ambalo wasomaji wa Suratul-Adiyat watalipenda. Farasi anapokwenda shoti pumzi yake hufungamana na hatua: huvuta hewa miguu ya mbele inaponyooka na huitoa inapotua, pumzi moja kwa hatua moja, hawezi vinginevyo. Wafasiri waliofuata kauli ya Ibn Abbas (RA), kuwa wanaoapiwa katika sura hiyo ni farasi, wamesema dhabh si mlio wa farasi bali ni sauti ya pumzi itokayo kifuani anapokimbia. (Ali (RA) alisema ni ngamia wa Hija, na khilafu hiyo ni mashuhuri.) Mtu anayejua kuwa pumzi na hatua za farasi ni kitu kimoja huisoma aya ya kwanza kwa sikio jingine.

Sasa turudi kwenye khabab. Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 711 Hijria, ametaja katika Lisan al-Arab kauli zaidi ya moja. Iko inayosema khabab ni farasi kuhamisha miguu yake ya kulia yote pamoja, kisha ya kushoto yote pamoja. Iko nyingine inayosema ni kupokezana kwa miguu. Mwanafunzi anaweza kudhani kuwa wanachuoni wa lugha wamejipinga. Nionavyo mimi, hawakujipinga, bali waliangalia wanyama tofauti. Ngamia anapoongeza mwendo huenda kwa upande mmoja mmoja, kulia kisha kushoto. Wako farasi waendao hivyo pia, au kwa mapigo manne ya haraka yasiyomrusha mpandaji, na huo ndio mwendo ambao watu wa pwani huuita telki na Waarabu huuita hamlaja. Lakini si kila farasi aujuaye. Mwaka 2012 watafiti wa Uppsala nchini Sweden walieleza kuwa mabadiliko katika jini moja, iitwayo DMRT3, inayohusika na mishipa ya uti wa mgongo inayopanga miguu, ndiyo humwezesha farasi kuacha matiti na kushika miendo hiyo mingine. Farasi wa Iceland wanayo kwa wingi. Farasi wa Kiarabu ni miongoni mwa wasiokuwa nayo: akitoka kutembea huingia matiti. Basi tofauti ya mwendo kati ya koo za farasi si ya mafunzo tu, imo katika damu.

Waarabu wa mwanzo hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na macho. Walimgawa farasi kwa nasaba: atiki, ambaye wazazi wake wote ni Waarabu, hajini na mukrifu, waliochanganyika, na birdhauni, farasi wa Rumi na Uajemi, mzito wa mwili, mzuri wa kubeba, na mashuhuri kwa hamlaja. Sayyidna Umar (RA) alipoingia Sham aliletewa birdhauni ampande. Yule mnyama akaanza kuyumbayumba chini yake kwa maringo. Umar akashuka, akasema kuwa wamempandisha juu ya shetani, akataka kipando chake cha kwanza. Ibn Kathir ameisahihisha isnadi ya kisa hiki. Wahadhiri wengi hukisimulia kama funzo la unyenyekevu, na ni kweli. Lakini angalia kilichomfanya ashuke. Mwili wake ulihisi mwendo asiouzoea, mwendo unaomtukuza mpandaji, na moyo wake ukamshitakia.

Kisa cha pili ndicho kilichozaa mas-ala ya fiqhi. Katika vita vya Sham kikosi kilimfuatia adui. Farasi wa Kiarabu wakamdiriki siku ileile; mabirdhauni wakafika kesho yake wakati wa dhuha. Kiongozi wa kikosi, mtu wa kabila la Hamdan, akasema hatamfanya aliyediriki kuwa sawa na asiyediriki, akawapunguzia wale waliochelewa fungu lao la ngawira. Habari ikamfikia Umar, akaipenda na akaipitisha.

Asili ya hukumu ni hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (SAW) alimpa farasi mafungu mawili na mwenyewe fungu moja. Abu Hanifa alisema farasi ana fungu moja tu, na wanafunzi wake wawili wakubwa wakamkhalifu. Swali ni je, birdhauni anaingia katika neno farasi? Malik katika Muwatta amesema ndiyo, ikiwa kiongozi amewapitisha, na hoja yake ni aya ya nane ya Suratun-Nahl iliyotaja farasi, nyumbu na punda: birdhauni si nyumbu wala si punda, basi ni farasi. Amepokea pia kuwa Said bin al-Musayyab aliulizwa kama mabirdhauni wana zaka, naye akajibu kwa kuuliza kama farasi wana zaka. Ahmad, katika riwaya iliyo mashuhuri kwake, alimpa asiyekuwa Mwarabu fungu moja, akiangalia kisa cha Sham. Imamu Shafi (RH) alikitaja kisa hicho katika al-Umm, na insafu yake inapendeza: anasema lau kingethibiti kwake asingekikhalifu, lakini isnadi yake imekatika, kwa hiyo anawasawazisha.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Wako wanaoisoma khilafu hii kama ubaguzi wa nasaba, eti farasi wa Mwarabu ametukuzwa kwa Uarabu wake. Kisa chenyewe hakisemi hivyo. Kiongozi yule alitaja kudiriki, hakutaja ukoo, na lau siku ile mabirdhauni wangetangulia, hoja yake ingewafaa wao. Kilichokuwa kinapimwa ni kazi ya mwili, na farasi wa Kiarabu ana mwili mwepesi na pua pana. Mpaka leo ndiye anayetawala mashindano ya masafa ya kilomita 160. Aliyesawazisha naye hakuikana tofauti hiyo. Aliona kuwa nassi imetaja farasi bila kupambanua, na kwamba habari iliyokatika haitoshi kuipambanua. Tofauti hiyohiyo ilizingatiwa katika mashindano: Mtume (SAW) aliwashindanisha farasi waliozoezwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiozoezwa aliwapa masafa mafupi, hadi msikiti wa Bani Zurayq. Wanachuoni wetu wa Kishafi wakashurutisha kuwa kila mmoja wa washindani awe na uwezekano wa kushinda. Mahambali wakakataza kumshindanisha Mwarabu na hajini.

Kuhusu tawafu, Nawawi ameeleza katika al-Majmu kuwa ramal ndiyo khabab: kuharakisha mwendo kwa hatua zilizokaribiana, bila kuruka wala kukimbia. Ilianza katika Umra ya mwaka wa 7 Hijria, Makuraishi waliposema kuwa homa ya Yathrib imewadhoofisha Waislamu. Aliyewahi kusikia matiti ataona jinsi neno lilivyochaguliwa: mapigo mafupi, ya nguvu, yasiyofika shoti. Katika jeneza pia imepokewa kutoka kwa Ibn Masud (RA), kwa isnadi dhaifu, kuwa mwendo uwe chini ya khabab, wakati amri ya kuharakisha jeneza ni sahihi. Nimewahi kuona jeneza likipelekwa mbio mpaka wabebaji wakajikwaa, na walipoulizwa walitaja hadithi hiyo ya kuharakisha.

Darsa iliyofuata tulitoka nje ya msikiti kumngoja punda wa mtu anayeuza maji. Alipita akiwa amebeba madumu, akitembea, na kijana akahesabu manne. Jioni alirudi na madumu matupu, mwenyewe akamchapa kidogo, naye akaingia matiti. Kijana akafumba macho, akasikiliza, kisha akasema: "Mawili, Ustadhi."