Ramani ya kwenye simu au ya karatasi: Ipi uende nayo baharini?

Novemba 29, 2014, usiku, boti ya mashindano ya Team Vestas Wind ilikuwa kasi katika Bahari ya Hindi, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Ghafla ikapanda mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini mashariki mwa Mauritius.

Mabaharia wote tisa walisalimika. Swali likabaki: boti yenye vifaa vyote vya kisasa inapandaje mwamba ambao upo kwenye ramani?

Tatizo lilikuwa nini?

Mwamba ulikuwemo kwenye ramani ya kielektroniki, ila ilibidi uikuze ndipo uuone vizuri. Wao hawakuikuza vya kutosha, hivyo eneo lile likaonekana lina kina kirefu.

Ramani nyingi za kwenye simu na tableti hufanya hivyo. Ukiitazama kwa mbali, inaficha baadhi ya vitu ili kioo kisijae. Ramani ya karatasi haifichi: kilichochapwa unakiona muda wote.

Basi karatasi ndiyo bora?

Si lazima. Karatasi haiishiwi chaji, lakini haikuonyeshi ulipo sasa hivi, na marekebisho unayaandika mwenyewe kwa mkono. Ya kielektroniki inakuonyesha ulipo na mkondo unaofuata, na kuisasisha ni dakika chache tu.

Kuna jambo wengi hawalijui: zote mbili zinaweza kuwa zimetokana na vipimo vilevile vya zamani, kabla ya satelaiti. Kioo kikali hakimaanishi vipimo vipya.

Karatasi inaondoka?

Polepole, ndiyo. NOAA ya Marekani ilitangaza mwaka 2019 kuachana na ramani zake za jadi za karatasi, ingawa bado unaweza kutengeneza yako mtandaoni na kuichapa. Uingereza ilipanga kuacha kuzichapa mwishoni mwa 2026, kisha ikasogeza mbele hadi angalau 2030.

Ufanye nini kabla ya kung'oa nanga?

• Chora njia yako yote kwenye kifaa, kisha ikuze na kuipitia kipande kwa kipande. Hapa ndipo mwamba unapoonekana.

• Pakua ramani ukiwa nchi kavu. Bando na mtandao usivitegemee ukiwa mbali na pwani.

• Beba kifaa cha pili na pawabenki, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

• Kuwa na ramani ya karatasi ya eneo lako, penseli na dira. Kila saa weka alama ya ulipo. Simu ikizima, angalau unajua ulikuwa wapi saa moja iliyopita.

Kwa hiyo, kama nafasi ipo, beba zote mbili. Kama ni simu pekee, usiondoke kabla hujaikuza ramani mpaka mwisho wa safari.